Walioopoa Setilaiti Mbili

Meli ikizama na shehena yake, wako watu ambao kazi yao ni kupiga mbizi na kuopoa kilichobaki. Ni kazi ya zamani. Ina sheria zake, ina wanasheria wake, ina hata medali zake. Hadithi ya leo ni ya waopoaji, ila hawa hawakulowa hata unyayo. Walikuwa watano, wanaume wanne na mwanamke mmoja, na shehena waliyoifuata ilikuwa imepotelea mamia ya kilomita juu ya mawingu. Sogeeni karibu, maana hadithi yenyewe inaanza na hasara.

Tarehe 3 Februari 1984, chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Challenger kiliondoka Florida kikiwa na watu watano na setilaiti mbili za mawasiliano. Moja, Westar 6, ilikuwa mali ya kampuni ya Western Union ya huko huko Marekani. Ya pili, Palapa B2, ilikuwa ya Indonesia, na jina lake lina kisa. Katika karne ya 14 alikuwako waziri mkuu wa dola ya Majapahit aliyeitwa Gajah Mada. Huyo aliapa kwamba hataonja palapa, neno ambalo wengi hulifasiri kuwa viungo vya chakula, mpaka visiwa vyote viwe chini ya dola moja. Sasa Indonesia ina visiwa kwa maelfu, na kutandaza nyaya za simu chini ya bahari kutoka kisiwa hadi kisiwa ni kazi isiyo na mwisho. Nchi hiyo ilipojipatia setilaiti yake ya kwanza mwaka 1976, ikaipa jina lililotoka kwenye kiapo kile. Palapa B2 ilikuwa mdogo wake.

Najua kuna mmoja wenu ameshanyanyua mkono: setilaiti inaunganishaje visiwa?

Mawimbi ya redio yanayobeba simu na televisheni huenda moja kwa moja, hayajui kupinda kufuata umbo la dunia. Mlima ukiwa njiani, umeyakinga. Bahari ikiwa pana mno, mgongo wa dunia wenyewe unayakinga. Dawa yake ni kuweka kitu juu kabisa kinachopokea mawimbi kutoka huku na kuyarudisha chini kule. Lakini kitu kilicho juu hakitulii, lazima kizunguke dunia, la sivyo kitaanguka. Kikiwa karibu, huzunguka kwa kasi mno: kwenye kilomita 300 hivi, mzunguko mmoja huchukua dakika 90 tu. Kadiri unavyokipandisha ndivyo mzunguko unavyorefuka, mpaka ufike karibu kilomita 36,000, ambako mzunguko mmoja huchukua siku nzima. Dunia nayo hujizungusha mara moja kwa siku. Basi setilaiti iliyo huko, juu ya mstari wa ikweta, na dunia iliyo chini yake huenda pamoja, na ukiitazama kutoka ardhini unaiona iko palepale asubuhi na jioni. Ndiyo maana fundi anayefunga dishi la televisheni nyumbani hulielekeza mara moja akalikaza. Kwa sisi tunaoishi jirani na ikweta, dishi hutazama juu sana. Kwa watu wa London huinamia upande wa kusini. Mwingereza Arthur C. Clarke aliyaeleza mambo hayo katika makala ya mwaka 1945, wakati hakuna aliyewahi kurusha setilaiti hata moja.

Turudi kwa Challenger. Chombo hicho hakikuwa na uwezo wa kufika kilomita 36,000. Chenyewe kilifika kilomita 300 na kidogo, kisha basi. Kwa hiyo kila setilaiti iliwekewa roketi yake ndogo chini ya kitako, ya kuipandisha kwa safari iliyobaki. Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Ndani ya sehemu ya mizigo kulikuwa na meza inayozunguka. Wanaanga waliizungusha setilaiti ikiwa juu ya meza hiyo, mizunguko 50 hivi kwa dakika, kisha wakafungua vibano, na springi zikaisukuma nje taratibu huku ikiendelea kuzunguka. Kwa nini kuizungusha? Mtu aliyewahi kucheza pia anajua: pia ikizunguka husimama wima, ikichoka huyumba na kuanguka. Setilaiti inayozunguka nayo hushika uelekeo wake, haipinduki roketi inapowaka. Chombo kilicho na watu husogea mbali, na baada ya dakika 45 hivi roketi ndogo huwaka.

Ya Westar 6 iliwaka. Ikazimika baada ya sekunde chache.

Setilaiti ikabaki imening'inia kwenye njia ya hovyo, mahali pa chini mno kufaa kwa simu au televisheni. Wataalamu wakakuna vichwa. Palapa ilikuwa bado iko ndani ya Challenger, nayo ilitegemea roketi ya aina ile ile. Iachwe au irudishwe nyumbani? Walisubiri, wakachunguza, wakashauriana na wenye mali, na tarehe 6 Februari wakaitoa. Roketi yake ikafanya vilevile. Baadaye ilijulikana kuwa kasoro ilikuwa kwenye mdomo wa roketi, sehemu iliyotengenezwa kwa kaboni ambayo moto hupitia. Uliharibika mapema, na bila mdomo ulio mzima roketi haina nguvu.

Nisiwanyime haki wale watu watano wa Challenger. Hawakukosea chochote. Na safari yao ina mengine ya kukumbukwa: kesho yake, Bruce McCandless akawa mtu wa kwanza kuelea angani bila kamba inayomfunga kwenye chombo. Alibebwa na kifaa kikubwa cha mgongoni kinachopuliza gesi ya nitrojeni kupitia vitundu 24, akikiendesha kwa vishikio viwili vya mikononi. Kikumbukeni kifaa hicho, kitarudi. Mwenzake mmoja, Ronald McNair, alikuwa mwanafizikia aliyepanda na saksafoni yake. Alipokuwa na miaka tisa, huko South Carolina, alikataa kutoka kwenye maktaba ambayo haikuwahudumia watu weusi, akakaa pale pale akidai vitabu vyake mpaka polisi wakaitwa. Vitabu alivipata. Naye mkumbukeni.

Sasa tuingie kwenye fedha, maana bila fedha hadithi hii ingeishia hapo. Setilaiti zote mbili zilikuwa na bima. Wenye bima walilipa dola milioni 180 hivi kwa ujumla, na kwa desturi ya bima, anayelipa hasara yote ndiye anayekuwa mwenye mali. Basi baadhi ya watu waliokuwa wakikatia meli bima, pamoja na wale wa soko la Lloyd's la London, soko lililoanzia kwenye mgahawa wa kahawa karne ya 17, wakajikuta wana setilaiti mbili nzima kabisa, zisizo na mkwaruzo, zinazoizunguka dunia bure. Mtu wa bima akiona mzigo mzima uliokwama hulala kweli? Wakaenda kuuliza NASA, shirika la anga la Marekani: hamwezi kutuletea?

Swali hilo halikuwa la kawaida. Vyombo vilikuwa vikipeleka setilaiti, hakuna aliyewahi kwenda kuokota iliyokwama na kuirudisha nyumbani. Na hizi hazikutengenezwa ili zishikwe. Zilikuwa mapipa makubwa, urefu wa karibu mita tatu na upana wa mita mbili na kitu, yaliyofunikwa kila upande kwa seli nyembamba za kuvuna umeme wa jua. Hazikuwa na mpini wala kitanzi, hata upenyo wa kuingiza vidole. Ukishika vibaya, unavunja.

Wahandisi walitafuta wakaona tundu moja tu: mdomo wa injini iliyo kitakoni mwa setilaiti. Wakatengeneza fimbo ndefu ambayo ncha yake huingia humo kisha hufunguka vidole vya chuma na kukaza kwa ndani. Wakaipa jina la mwiba. Wakati huohuo waendeshaji walioko ardhini walitumia mafuta ya setilaiti zenyewe kuzishusha hadi kiasi cha kilomita 360 na kupunguza mzunguko wake, ili chombo cha watu kiweze kuzifikia.

Discovery, chombo cha aina ile ile ya Challenger, kilipaa asubuhi ya tarehe 8 Novemba 1984, baada ya kuahirishwa siku moja kwa sababu ya upepo mkali wa juu. Nahodha alikuwa Rick Hauck, rubani David Walker. Anna Fisher, daktari aliyezoea chumba cha dharura cha hospitali, ndiye aliyeshika usukani wa mkono mrefu wa mashine uliotengenezwa Kanada. Nyumbani aliacha binti wa umri wa mwaka mmoja na miezi michache, na hivyo akawa mama wa kwanza kwenda angani. Waandishi walimuuliza mno habari za mtoto. Walker naye alikuwa baba, na sidhani kama alisumbuliwa hivyo.

Wawili waliobaki ndio wa kutoka nje: Joe Allen na Dale Gardner. Allen alikuwa mwanafizikia, mtu mfupi aliyepiga mieleka alipokuwa chuoni. Alikuwa na kiu ya miaka miwili. Mwaka 1982 alikuwa ndani ya chombo kingine cha aina hiyo, Columbia, katika safari ya kwanza ya vyombo hivi kupeleka setilaiti za biashara. Setilaiti zote mbili zilitoka salama, na wanaanga wanne wakapiga picha na bango la kujitapa kwamba wao hufikisha mizigo. Lakini matembezi ya nje aliyokuwa ameyafanyia mazoezi yalifutwa kwa sababu suti za anga zilipata hitilafu. Alirudi nyumbani akiwa amefika mlangoni tu.

Ndani ya Discovery walikuwa pia na mzigo wa kupeleka, kwa kuwa hakuna mwenye akili anayekwenda mbali hivyo mikono mitupu. Tarehe 9 wakatoa Anik D2 ya Kanada. Tarehe 10 wakatoa nyingine, Leasat 1, ambayo jeshi la majini la Marekani lilikodi, na hii ilitoka kwa ubavu ikijiviringisha. Zote zikaenda vizuri. Sehemu ya mizigo ikawa na nafasi mbili wazi.

Tarehe 12 Novemba, Hauck na Walker walikisogeza Discovery mpaka Palapa ikawa mita kumi hivi kutoka kwao. Hebu fikirini: vitu vyote viwili vinakwenda kilomita 28,000 kwa saa, lakini kwa kuwa vinakwenda sawasawa, kimoja kwa kingine ni kama vimesimama. Allen akafunga kile kifaa cha mgongoni, akaushika mwiba mbele yake, akaondoka. Akaelea mpaka kitakoni mwa Palapa, akalenga, akaingiza ncha. Ikakaza. Sasa alikuwa anazunguka pamoja na setilaiti, polepole, mtu mmoja na pipa lake. Akapuliza nitrojeni upande wa pili, mzunguko ukaisha. Fisher akanyoosha mkono wa mashine, akaudaka mwiba. Mpaka hapo, kila kitu kilikwenda kama kilivyoandikwa.

Lililofuata halikuandikwa. Mpango ulikuwa Gardner afunge fremu juu ya kichwa cha setilaiti, mkono wa mashine uishike hapo, kisha yeye na Allen wafanye kazi chini kwa raha. Fremu ikagoma kuingia. Kulikuwa na kisehemu kidogo cha setilaiti kilichochomoza kupita michoro ilivyoonyesha. Gardner alisukuma, akageuza, akajaribu tena, wapi! Umbali kutoka duka la vifaa la karibu hauhitaji kutajwa.

Basi wakaamua kutumia mikono. Allen akavua kile kifaa cha mgongoni, akapachika miguu yake kwenye vibano vilivyo ukingoni mwa sehemu ya mizigo, akaishika Palapa kwa mikono miwili juu ya kichwa chake. Wakati yeye ameishikilia, Gardner akaondoa mwiba na kufunga kitako cha chuma ambacho kingeibana setilaiti ndani ya chombo.

Hapa lazima nisimame kidogo, maana wengi hukosea. Mtasikia watu wakisema angani vitu havina uzito, kwa hiyo kazi ile ilikuwa rahisi. Ni kweli Palapa haikumlemea Allen, haikuwa na hamu ya kuanguka. Lakini ilikuwa bado na zaidi ya nusu tani ya chuma, nyaya na vioo, na kitu kizito hakipendi kubadilishiwa mwendo, kiwe ardhini au angani. Ukikisukuma kwa haraka hakisogei upesi. Kikishaanza kusogea hakisimami upesi. Allen akikosea kidogo, nusu tani ile ingejipeleka yenyewe mpaka igonge ukuta wa chombo, na ikiwa yeye yuko katikati, pole yake. Ilibidi kila mwondoko uwe mdogo na wa polepole. Jumlisha na glavu za suti, ambazo kwa sababu ya hewa iliyojaa ndani hukakamaa, kila ukikunja vidole ni kama unakamua kitu, na utajua kwa nini mcheza mieleka alifaa.

Alishikilia hivyo kwa dakika 90. Mnakumbuka dakika 90 ni nini? Mzunguko mmoja wa dunia. Mtu huyu aliizunguka dunia nzima, mchana wake na usiku wake, akiwa ameinua setilaiti juu ya kichwa.

Palapa ikakaa mahali pake. Walikuwa nje kwa saa sita. Tarehe 14 wakatoka tena kuifuata Westar 6, na safari hii Gardner ndiye aliyeruka na mwiba. Hawakuhangaika na ile fremu hata kidogo. Allen alisimama kwenye ncha ya mkono wa mashine, Fisher akamsogeza, akaishika setilaiti kama alivyofanya juzi yake, na Gardner akafunga vyuma. Mbinu ya dharura ya Jumatatu ilikuwa imegeuka utaratibu rasmi wa Jumatano.

Walipomaliza, Gardner alitoa bango walilokuwa wameliandaa, akaliinua mbele ya kamera. Liliandikwa "Inauzwa". Katika picha hiyo setilaiti mbili zinaonekana pembeni, na kwenye kioo cha kofia ya Gardner, ukitazama vizuri, utamwona Allen akiwa amejiakisi. NASA ni shirika la serikali, halina tabia ya kuchekesha, kwa hiyo picha hiyo nimeipenda maradufu. Wala bango halikudanganya: wenye bima walihitaji mnunuzi kweli.

Discovery kilitua Florida tarehe 16 Novemba na mzigo wake. Lloyd's iliwatunuku wanaanga medali ya fedha ya uopoaji, ile ile wanayopewa watu wa baharini. Mwaka uliofuata mume wa Anna Fisher, Bill, naye mwanaanga, alitoka nje ya Discovery hicho hicho kufufua setilaiti nyingine iliyokuwa imezimika. Kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba angani kutakuwa na mafundi na wachukuzi wakipishana kila mwezi.

Haikuwa hivyo. Tarehe 28 Januari 1986 Challenger kililipuka sekunde 73 baada ya kupaa, na watu wote saba waliokuwamo wakafa. Mmoja wao alikuwa Ronald McNair. Ndani ya sehemu ya mizigo kulikuwa na setilaiti ya mawasiliano.

Watu wakauliza swali ambalo kwa maoni yangu lingepaswa kuulizwa mapema: kuna haja gani ya kuhatarisha maisha ya watu saba kupeleka mtambo ambao roketi isiyo na mtu inaweza kuupeleka? Ushujaa wa Allen na Gardner siubezi, ningeusimulia kila wiki kama mngeniruhusu. Lakini kuopoa kilichokwama ni kazi inayohitaji mtu mwenye macho na akili ya kubadili mpango papo hapo. Kusukuma setilaiti nje ya mlango si kazi ya namna hiyo. Serikali ya Marekani mwaka huohuo iliamua kwamba vyombo vyake vya kubeba watu havitapeleka tena setilaiti za biashara. Kile kifaa cha mgongoni nacho hakikutumika tena baada ya Westar kukamatwa.

Na setilaiti zenyewe? Zilikaguliwa, zikasafishwa, zikafanyiwa ukarabati, zikasubiri. Westar 6 ilipata mwenyewe mpya huko Hong Kong na jina jipya, AsiaSat 1. Tarehe 7 Aprili 1990 ilirushwa kutoka Xichang nchini China kwa roketi ya Kichina, na baadaye ikawa inarusha vipindi vya televisheni kwa mamilioni ya watu barani Asia. Siku sita tu baada yake, Palapa nayo iliondoka Florida kwa ajili ya Indonesia, ikiwa juu ya roketi ya Delta isiyo na mtu hata mmoja ndani. Safari hii ilifika.